Kompyuta Iliyoganda kwenye Stoo ya Kakao

Kibao cha kwanza nilikipata kwa sababu ya kompyuta. Sikuwa nimeivunja, wala kuiangusha, wala kuimwagia chai. Iliganda yenyewe, saa nane mchana, mimi nikiwa uani napepeta mchele. Mume wangu alitoka Kyela mjini na pikipiki akiiminya mpaka inalia, akashuka kabla haijasimama vizuri, akanijia moja kwa moja na kunizaba. Ungo uliruka, mchele ukamwagika kwenye tope, kuku wakapata sikukuu. Ndipo akauliza, "Umegusa nini?" Waume wengine huuliza kwanza, halafu ndiyo wakapiga. Wangu alikuwa na utaratibu wake.

Nikamwambia sijagusa kitu. Nilikuwa nasema kweli, na hasira niliyokuwa nayo iliyakataza hata machozi kutoka.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili wa ndoa, pale Bujonde, nyumbani kwa baba yake. Mtoto tulikuwa bado. Mume wangu alikuwa na meza ya kutengeneza simu mjini, na mwaka ule alikuwa ameleta kutoka Mbeya kompyuta kubwa ya mezani, iliyokwisha kutumika, yenye kadi ya picha ya feni tatu, nzito kama tofali. Alisema itachimba sarafu za mtandaoni. Nikauliza inachimba wapi. Akanieleza kwa upole, maana siku hizo upole bado ulikuwepo: mashine inapiga hesabu mchana na usiku pamoja na mashine za watu wengine duniani, na kila anayechangia hesabu anagawiwa kipande cha sarafu ambayo haishikiki kwa mkono. Sisi tunajua kuchimba kisima, choo na kaburi, lakini sikumcheka. Kabla hajanioa nilikuwa nachapa barua na kutoa fotokopi dukani kwa mama mmoja wa mjini, mwenye asili ya pwani, na kompyuta kwangu haikuwa zimwi.

Tena niwe mkweli. Mwanzoni ilifanya kazi, na siku ilipofanya kazi nilikuwa na mume mzuri. Aliimba akioga. Alinisaidia kubeba maji bila kuangalia nani anamwona. Simu yake ilikuwa inamwonyesha, popote alipo, kama mashine nyumbani bado inachimba au imesimama, na kila alipoichungulia alitabasamu kama mtu aliyepata ujumbe wa mchumba.

Aliiweka kwenye stoo ya kakao, kwa sababu chumbani joto lake lilitushinda. Stoo ile ilikuwa upande wa pili wa ua, imeshikana na nyumba ya baba mkwe, na mimi upande ule sikuwa naenda.

Kwetu Wanyakyusa, kwa desturi ya zamani, mke wa mtu na baba mkwe wake hawakutani. Siku hizi wengi wameiacha, lakini mzee yule hakuwa ameacha chochote. Sikutakiwa kumtazama usoni, kusema naye, kupita mbele ya mlango wake, wala kutaja jina lake au neno linalofanana nalo. Yeye naye alitimiza upande wake. Akitaka kutoka alikohoa kwanza, nami nikaingia ndani, au nikageukia ukuta nikajifunika kanga mpaka apite. Kwa miaka miwili niliujua mgongo wake, kofia yake na kikohozi chake tu.

Usidhani nililalamika. Niliiona ni heshima, na mzee alinitunza. Akipata samaki wazuri kutoka ziwani, alikuwa anawaweka juu ya jiwe la katikati ya ua, anakohoa, anaondoka. Mimi naokota na kusema "ndaga", asante, kimoyomoyo. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo maneno kati yangu na mzee yalikuwa na mpitishaji mmoja tu, mume wangu.

Sasa, mvua ya Kyela ikishaanza haiombi ruhusa. Msimu ule ilinyesha asubuhi, ikanyesha mchana, na jua likawa la kusikia kwa jirani. Kakao ya mzee ilikuwa imeshavundikwa chini ya majani ya migomba kwa siku zake, imelowa, inanuka siki, inasubiri kuanikwa. Kakao isipokauka inaota ukungu, na mnunuzi akiiona anageuza gari. Kwa mzee, ile ndiyo ilikuwa kazi ya mwaka mzima.

Jiko letu lina kuta za mianzi. Kutazama upande wa baba mkwe ni kosa, lakini mianzi ina nafasi na mimi nina macho. Nikamwona mzee, mume wangu akishaenda mjini, anabeba nyungo mbili za kakao iliyolowa, anasukuma mlango wa stoo, anaingia. Akatoka mikono mitupu. Saa nane akarudi akazitoa. Nikadhani anazikinga na mvua. Baadaye, siku chache baada ya kile kibao, nikasikia feni za mashine zinanguruma tangu asubuhi, kisha zikatulia, na punde si punde mzee akatoka na nyungo zake. Hapo nikaelewa. Alikuwa anaweka kakao pale mashine inapotoa upepo wa moto, karibu kabisa. Mashine ikawa inavuta mvuke wa siki mpaka inaganda. Ikiganda haichimbi, isipochimba inapoa, na ikipoa mzee anaona moto umekwisha, anachukua mali yake anaondoka. Mume wangu akifika anakuta kioo kimegota, na saa ya kwenye kioo imesimama pale pale. Harufu? Nyumba nzima ilinuka siki msimu ule, na mtu aliyezaliwa ndani ya harufu ya kakao haisikii.

Mimi nilikuwa nimekatazwa kukanyaga stoo mume wangu asipokuwepo. Baba yake hakukatazwa. Nani anamkataza baba yake kuingia kwenye stoo ya baba yake?

Ningesema nini? Kumtaja mzee ni aibu. Kusema nilimchungulia ni aibu juu ya aibu. Na kumchongea kwa mwanawe mtu anayenilisha samaki, hapana, sikulelewa hivyo. Nikajiambia mume wangu ni fundi, ataona mwenyewe.

Fundi akatafuta. Kwanza alisema ni vumbi. Akaifungua, akaifagia kwa brashi ya kunyolea, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ikaganda. Akasema ni umeme, kwa sababu mashine ya kukoboa mpunga ya jirani iko kwenye laini moja na sisi, na mchana ikiwashwa taa zetu zinafifia. Akaenda kwa mwenye mashine hiyo kudai aizime. Akarudi shati limechanika, mdomo umevimba, na jino moja linacheza. Akafunga kifaa cha kutuliza umeme. Ikaganda. Akapaka upya ile dawa nyeupe ya kupoza moyo wa kompyuta, akapunguza kasi ya kadi, akafuta programu zote na kuziweka tena. Ikaganda, saa nane, kama mtu mwenye miadi. Siku hiyo alichukua kibodi akaivunja kwenye goti lake. Herufi zilitapakaa sakafuni na mimi ndiye niliyezifagia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akinitazama mimi na ufagio wangu.

Akasema ninapiga pasi mchana. Nilikuwa nimepiga kweli, shati lake. Akaichukua pasi ile ingali ya moto akairusha, ikanipita karibu na bega na kutoboa ndoo ya maji. Nikamwambia akirusha kitu kingine nitakirudisha. Akarusha kikombe. Nikakirudisha, kikampata kwenye nyusi, damu ikamshuka hadi kidevuni. Tulikuwa tumefika huko, watu tuliokuwa tunabebeana maji.

Siku moja nikamwambia, "Mume wangu, kwa nini usishinde nyumbani uione inavyoganda?" Niliona nimepata njia. Akishinda, atamkuta mzee na nyungo zake, na mimi sitakuwa nimesema neno. Akakubali. Akakaa stoo kutwa nzima. Na mzee, alipoona mwanawe yumo ndani anafanya kazi, hakutaka kumsumbua, akakaa kibarazani kwake na kakao yake. Mashine ikachimba mpaka jioni bila kukwama hata mara moja.

Mume wangu akatoka pale anatabasamu vibaya. "Nikiwepo haigandi. Nisipokuwepo inaganda. Na nisipokuwepo nyumbani yuko nani?" Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila ilikuwa na mtu mmoja pungufu. Alinipiga ngumi tumboni, nikakaa chini bila kutaka.

Kesho yake aliniita nimshikie tochi wakati anaifungua tena. Ndani kabisa, chini ya zile feni tatu, nikaiona punje moja ya kakao. Nilishukuru Mungu. Niliitoa kwa vidole viwili nikaiweka kiganjani mwake, nikamtazama usoni, nikasubiri. Ungeona kwa macho yangu namna mtu anavyoweza kushikishwa ukweli na asiuone.

"Panya," alisema.

Yakaanza mauaji. Alitega sumu kwenye pembe zote za stoo. Kuku wawili wa mzee wakala, wakafia uani miguu juu. Panya mmoja alitokea kweli, mwenye bahati mbaya, akapondwa kwa mchi wangu wa kutwangia hadi nikautupa mchi. Mashine ikaganda siku iliyofuata kama kawaida.

Alipochoka, nikaona nifanye la kufanya. Zile kadi nyembamba za kumbukumbu, zinazochomekwa ndani, zina meno ya rangi ya dhahabu. Nilizichomoa mbele yake nikamwonyesha: meno yalikuwa na ukungu wa kijani. Dukani kule mjini, karibu na ziwa ambako chuma hakidumu, yule mama alinifundisha kuyasugua kwa raba ya penseli. Nikayasugua moja moja, nikapangusa, nikarudisha. Mashine ikawaka ikachimba siku tatu mfululizo, maana siku hizo tatu, kwa bahati, jua lilitoka na mzee akaanika nje. Mume wangu alinikumbatia. Aliimba akioga. Mimi nililala nikiomba jua, kila usiku naomba jua tu, kama mkulima.

Siku ya nne mvua ikarudi.

Nilimsikia mzee akisukuma mlango wa stoo. Nikatoka jikoni nikagonga sufuria, nikakohoa mimi, nikaimba kwa sauti, nikijua siwezi kumwambia na yeye hawezi kuniuliza. Pengine alidhani nimefurahi. Saa nane feni zikatulia. Nikaanza kuhesabu dakika za pikipiki.

"Anayejua dawa ndiye mchawi," mume wangu alisema akiingia, na waya wa umeme wa ile kompyuta ulikuwa tayari mkononi mwake. "Umewezaje kuiponya kama si wewe unayeiloga?"

Nilikuwa na chungu cha maharage motoni. Nilimmwagia. Hilo silijutii hata leo, kilimpata kifuani na alipiga yowe. Lakini mwanamume aliyeungua hapungui nguvu. Alinichapa kwa waya mgongoni, mikononi, shingoni, akanitoa jikoni kwa kunivuta kanga, akanivusha ua wote kwenye tope. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Ndipo alipokunjua kiganja na kunipiga sikio la kushoto. Kitu kikapasuka ndani, kidogo, kama ganda la karanga, na upande ule wa dunia ukanyamaza. Haujasema tena mpaka sasa.

Nilianguka ng'ambo ya lile jiwe la katikati, mbele ya mlango wa baba mkwe.

"Sema!" alikuwa anapiga na kupiga. "Sema unaifanyia nini!"

Mzee akakohoa.

Nitakwambia jambo ambalo bado linaniumiza kuliko waya. Mwili wangu ulitii. Nikiwa nimelala kwenye tope, damu sikioni, nilianza kutambaa ili nitoke mbele yake, nikatafuta upande wa kanga wa kujifunika uso. Kanga haikuja. Mume wangu alikuwa ameikanyaga.

Mzee akakohoa mara ya pili.

"Ondoka hapo!" mume wangu akanifokea, mguu ungali juu ya kanga. "Huna adabu? Baba anatoka!"

Mara ya tatu hakukohoa. Mlango wake ukafunguka na mzee akatoka, nyungo mbili mikononi. Nikamwona uso. Ulikuwa uso mdogo kuliko nilivyouwazia, wa kawaida, wenye jicho moja lililoingia ukungu. Alimtazama mwanawe, akatazama waya, akanitazama mimi. Kisha akaimwaga kakao yote juu ya miguu ya mume wangu.

"Mchawi wako huyo hapo," alisema. "Mimi ndiye ninayeanika stoo. Tangu mvua imeanza. Moto ule ulikuwa unapotea bure."

Mume wangu alifungua mdomo. "Tata, ungeniambia, mimi nisinge..." Hakumaliza. Mzee alimpiga kwa ungo usoni, ungo wa kwanza ukavunjika, akampiga kwa wa pili. Jitu zima lile lilisimama linapigwa na mzee kikongwe, mikono imening'inia. Waya ulikuwa bado mkononi mwake. Hakuutupa. Niliona hilo na nikaliweka moyoni.

Halafu mzee akafanya jambo ambalo kwa mila yetu ni kubwa kuliko kupigana. Alichutama mbele yangu na kusema nami. "Mwanangu, amka. Nisamehe. Sikujua kuwa ni kakao yangu inayoharibu mashine. Ningejua nisingeingia."

Nilikaa. Nikamgeuzia sikio zima. Kulikuwa na neno moja nililotaka kulisikia kwake kabla sijaamua kama mimi ni mke wa pale au si mke wa pale. Nilijua nikipata jibu fulani ningeweza kubaki, hata na sikio moja. Wanawake wamebaki na pungufu ya hapo.

"Tata," nikamwambia, yaani baba. Ndilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu nimeolewa. "Kakao hukujua. Na kupigwa kwangu, hukuwa unasikia?"

Mvua ilikuwa imeanza kunyesha tena juu ya kakao yake na hakuna aliyeinuka kuikinga.

"Nilikuwa nasikia," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu kile kibao cha kwanza. Kila siku nilikuwa nasikia, mwanangu. Nikasema ni mambo ya mtu na mkewe. Na mimi mahali ulipo siruhusiwi kufika."

Hakusema uongo, namsifu kwa hilo. Wiki zote zile nilikuwa nimefunga mdomo ili nimstahi, na yeye kwa heshima ile ile alikuwa amefunga masikio, anasubiri kakao ikauke. Hasira iliyonipanda pale haikuwa ya mume wangu. Ya mume wangu niliizoea. Hii ilikuwa mpya, na ilikuwa baridi, na ilinisimamisha kwa miguu yangu mwenyewe.

"Ng'ombe uliowatoa nikaolewa wako Ngana kwa baba yangu," nikamwambia. "Kawafuate kesho."

Nilisema namtazama machoni. Yeye ndiye aliyeinamisha uso.